Kabla Hujanunua Mashine ya Kupukuchua, Muulize Fundi: Mchoro Uko Wapi?



Mahindi yakishakauka Mbozi, Ileje na Momba, simu yangu haipumziki. Siku hizi swali linalokuja zaidi si la mbegu wala mbolea. Ni hili: "Afisa, nimeweka hela kidogo, nataka mashine ya kupukuchua mahindi. Nichukue ipi?" Wengine wanataka ya kupukuchua mazao yao, lakini wengi wenu mnataka ya biashara, muipeleke shamba kwa shamba na kutoza kwa gunia. Wazo ni zuri. Malori yanayopita Mlowo na Vwawa kwenda Tunduma yanataka mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa na kupepetwa, na kazi ya mikono haiwezi tena kuyashibisha.

Shida ni kwamba vijana wengi wanaanza na bei. Wanauliza ya Tunduma sh ngapi, ya Mbeya sh ngapi, basi. Leo nataka tuanze kwingine, kwa mtu ambaye wengi hatumfikirii kabisa: yule aliyeichora mashine kabla haijachomelewa.

Mbunifu wa mashine ni nani?

Fundi wa kuchomelea tunamjua wote. Ana miwani myeusi, ana jenereta, anakata engo na kuunganisha. Mbunifu wa mashine ni mwingine. Kazi yake ni kuamua shafti iwe nene kiasi gani, dramu izunguke kwa kasi gani, chekeche liwe na matundu ya ukubwa gani, beringi ziwe namba ipi, na mkono wa mlishaji usifike wapi. Akishaamua, anaweka yote kwenye mchoro wenye vipimo vya milimita, na fundi anafuata.

Nimewahi kukaa na kijana mmoja anayefanya kazi hiyo kwenye kiwanda cha zana za kilimo hapa Nyanda za Juu Kusini, mtoto wa mkulima kama ninyi. Nilidhani anashinda kwenye kompyuta tu. Kumbe nusu ya siku yuko chini kiwandani. Anapima kipande kilichotoka kwenye mashine ya kukereza, anamsikiliza fundi anayelalamika kwamba boliti fulani haifikiki kwa spana, kisha anarudi kurekebisha mchoro. Mashine mpya haitoki siku moja. Anaanza na mahitaji: zao gani, gunia ngapi kwa saa, inavutwa na nini. Zinafuata hesabu, kisha mchoro, kisha mashine moja ya mfano. Ile ya mfano inapelekwa kwenye mahindi halisi, inaharibika, inarekebishwa, inajaribiwa tena. Ikishatulia ndipo kiwanda kinatengeneza nyingi za kufanana.

Nchini kwetu kazi hii si ngeni. TEMDO na CAMARTEC, taasisi za serikali zilizoko Arusha, zilianzishwa kwa sheria za mwaka 1980 na 1981. TEMDO inabuni mitambo ya viwanda. CAMARTEC inabuni zana za kilimo na pia inazijaribu. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, imelea karakana ndogo mikoani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mashine nzuri lazima itoke nje, mwambie aangalie vizuri.

Puli moja inavyoweza kukukosesha soko

Tuchukue mfano ambao kila mmoja anaweza kuupigia hesabu kwa simu yake.

Mashine yako ina injini ya dizeli inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwenye injini kuna puli ya inchi 5. Kwenye dramu ya kupukuchua kuna puli ya inchi 14. Kanuni ni rahisi: kasi ya injini zidisha kwa puli ya injini, gawanya kwa puli ya dramu. Yaani 2,000 mara 5, gawanya kwa 14. Dramu inazunguka mara 714 hivi kwa dakika. Kama dramu ina kipenyo cha sentimita 30, meno yake yanapiga muhindi kwa mwendo wa mita 11 hivi kwa sekunde.

Sasa ile puli ya inchi 14 ikipasuka, na dukani ukakuta ya inchi 8 tu, fundi wa mtaani anaifunga, mashine inanguruma vizuri kabisa, mnaendelea na kazi. Piga hesabu upya: 2,000 mara 5, gawanya kwa 8. Dramu inazunguka mara 1,250. Meno yanapiga kwa karibu mita 20 kwa sekunde. Na nguvu ya pigo haipandi sawasawa na kasi, inapanda kwa kasi mara yenyewe. Ukikokotoa, kila punje inapigwa kwa nguvu mara tatu ya ile aliyoipanga mbunifu.

Hapo utafurahi kwa sababu kazi inakwenda haraka. Utaona hasara ukifika sokoni. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, kinachoitwa EAS 2, kinataka mahindi ya daraja la kwanza yasizidi asilimia 2 ya punje zilizovunjika. Daraja la pili mwisho ni 4, la tatu ni 6. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Mnunuzi wa Tunduma anayepeleka mzigo mbali anaweka mkono ndani ya gunia, anatoa konzi, anaangalia. Akiona chenga nyingi, bei inashuka pale pale au anakuambia tafuta mtu wa kusaga chakula cha kuku.

Tuseme una ekari 10 na umepata gunia 20 kwa ekari, jumla gunia 200 za kilo 100. Mashine mbaya ikivunja asilimia 4 zaidi ya mashine nzuri, umebadilisha kilo 800 za mahindi kuwa chenga. Ni gunia 8 zimekufa bila kuliwa na panya hata mmoja.

Na chenga haziishii kwenye bei. Punje nzima ina ganda linaloilinda. Punje iliyovunjika iko wazi kwa wadudu na ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Hili si jambo la kutishana. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa chakula chenye sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na malori yalikwama mipakani. Mkoa wetu unaishi kwa mpaka. Mpaka ukisema mahindi yenu siyachukui, hatuna pa kuyapeleka haraka.

Niseme wazi: sumukuvu inaanzia shambani na kwenye ukaushaji mbaya, mashine peke yake haiileti wala haiimalizi. Lakini mashine inayovunja punje inafungua mlango. Na hakuna dramu itakayokusaidia ukileta mahindi mabichi. Yakiwa na unyevu mwingi, punje zinasagika na nyingine zinabaki kwenye gunzi. Anika kwanza kwenye turubai, ndipo uite mashine.

Mahindi, maharage na kahawa havitaki pigo moja

Kuna mashine zinauzwa kwa jina la mashine ya mazao yote. Inawezekana, lakini kwa masharti. Maharage yanapasuka kwa urahisi kuliko mahindi, hivyo dramu lazima izunguke polepole zaidi na chekeche libadilishwe. Mpunga wa kule Kamsamba nao una mpangilio wake. Mbunifu makini anakupa puli za kubadilisha, machekeche zaidi ya moja, na kibao chenye jedwali: zao hili, puli hii, chekeche hili. Kama mashine inasemekana ni ya mazao yote lakini ina puli moja na chekeche moja, jua mwenye kuiuza amebuni maneno tu.

Wenzangu wa kahawa, nanyi msidhani hili haliwahusu. Mashine ya kumenya kahawa mbivu inategemea nafasi ndogo sana kati ya diski au dramu na kizuizi chake. Nafasi ikibana, punje zinakatwa. Ikiachia, matunda yanapita na ganda lake. Punje iliyokatwa inaharibika kwenye uchachushaji na inashusha ladha ya mzigo mzima wa CPU. Mbunifu ndiye aliyeweka skrubu za kurekebishia nafasi ile. Kazi yako ni kuzijua na kuzirekebisha kila ukubwa wa matunda unapobadilika msimu ukiendelea, na kumenya kidogo kwanza kabla ya kumwaga mzigo wote.

Injini ya Mbozi na injini ya Momba

Jambo jingine ambalo muuzaji haambii mtu. Uwanda wa Mbozi uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na taba inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo injini ya nguvu farasi 12 ukiifikisha Mbozi inafanya kazi kama ya 10 na kidogo. Ukiiteremsha bonde la Momba kuelekea Ziwa Rukwa inapata pumzi zaidi.

Mbunifu anayejua mashine inakwenda wapi anaacha akiba ya nguvu. Asiyejua anachukua namba ya kwenye karatasi ya injini. Matokeo yake unaona moshi mweusi, mkanda unateleza, mlishaji anazuia mahindi ili injini isizime, na gunia ulizoahidiwa kwa saa hazionekani.

Kama unataka mota ya umeme, uliza kwanza umeme wa kijijini kwako ni wa fezi moja au tatu. Mota kubwa nyingi zinataka fezi tatu. Kuna kijana alinunua mashine yenye mota kama hiyo, akaifikisha kijijini ambako nguzo zinaleta fezi moja tu, na ikabidi atafute injini ya dizeli na kutengeneza kitako kipya. Ilimla nusu ya msimu.

Mkono wa mlishaji

Hapa naomba usome polepole.

Kwenye mashine za kupukuchua na kupura, ajali nyingi zinatokea mahali pawili: mdomo wa kulishia na mkanda. Mlishaji amechoka, jua kali, gunzi limekwama, anasukuma kwa mkono. Nimemtembelea kijana wa miaka 22 aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwa namna hiyo. Mashine aliyokuwa akilisha ilikuwa na mdomo mfupi kiasi kwamba ukisimama pembeni unaliona dramu. Alikuwa kibarua wa siku moja. Mwenye mashine alilipa hospitali, akauza mashine ili kulipa, na biashara ikaishia hapo. Kijana bado analima, lakini jembe analishika kwa tabu.

Wahindi walilipitia hili kabla yetu. Mashine za kupura zilipoenea vijijini kwao, mikono ikakatwa kwa wingi hadi wakatunga sheria ya mashine hatari mwaka 1983. Dawa waliyoiweka ilikuwa ya mchoro zaidi kuliko ya mahubiri: mdomo wa kulishia uwe na urefu usiopungua sentimita 90, na sentimita 45 za upande wa dramu zifunikwe juu. Kwa nini 90? Kwa sababu mkono wa mtu mzima haufiki. Huhitaji kumkumbusha mlishaji kila saa awe mwangalifu. Chuma chenyewe kinamzuia.

Ndiyo maana nasema mbunifu ni mtu wa maana. Maonyo ya ukutani yanategemea mtu ambaye hajachoka, lakini urefu wa mdomo unafanya kazi hata saa kumi jioni.

Angalia pia mikanda na shafti. Kila mkanda uwe na kinga ya bati au wavu. Kama unaendesha kwa trekta, shafti inayotoka nyuma inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikishika upindo wa koti au kanga, hupati muda hata wa kupiga kelele. Kifuniko chake cha plastiki si pambo, kikivunjika nunua kingine.

Na ukiajiri watu, hata vibarua, wewe ni mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakuhusu. Usiseme "ni shamba tu".

Beringi yenye namba

Tofauti kubwa kati ya mashine iliyobuniwa na iliyobahatishwa unaiona siku inapoharibika.

Beringi zina namba za dunia nzima. Ukisema 6205, ni tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15, iwe imetengenezwa Ujerumani au China. Mkanda wa B-60 una urefu wa inchi 60 ndani, popote. Mbunifu mwenye akili anachagua namba ambazo ziko kwenye maduka ya spea ya Tunduma, Mlowo na Mbeya. Anaweka na karatasi yenye orodha ya namba hizo. Mkanda ukikatika asubuhi, unamtuma bodaboda, saa nne mnaendelea.

Mashine iliyobahatishwa ina shafti ya chuma kilichookotwa, imekerezwa iendane na beringi iliyokuwepo siku hiyo. Ikifa, unafungua, unabeba shafti nzima kwenda mjini, unapimiwa, unakosa.

Tuweke hela. Namba hizi ni za mfano, wewe weka zako. Mashine A ni sh 4,500,000. Mashine B ni sh 3,000,000. Zote zinapukuchua gunia 100 kwa siku, unatoza sh 2,000 kwa gunia, mafuta na vibarua vinakula sh 1,100, kwako inabaki sh 900. Msimu una siku 40.

Mashine A inafanya kazi siku zote 40: gunia 4,000, faida sh 3,600,000. Mashine B kila siku ya tatu imelala ikisubiri spea. Inafanya siku 27: gunia 2,700, faida sh 2,430,000. Tofauti ni sh 1,170,000 kwa msimu mmoja. Ile milioni moja na nusu uliyoiokoa wakati wa kununua, msimu wa pili katikati imeshakwisha. Na sijahesabu wateja waliokukimbia wakamfuata mwenye mashine A.

Mambo 7 ya kuuliza kabla hujatoa hela

1. Mchoro uko wapi? Si lazima akupe, lakini akuonyeshe. Kiwanda au karakana yenye mchoro inaweza kukutengenezea kipande kilekile miaka mitatu baadaye.

2. Dramu inazunguka mara ngapi kwa dakika kwa mahindi? Kwa maharage? Anayejua mashine yake anajibu bila kufikiri. Andika jibu kwa rangi kwenye mashine.

3. Puli zina inchi ngapi? Piga hesabu niliyokuonyesha, uone kama inalingana na jibu la swali la pili.

4. Beringi na mikanda ni namba gani? Piga picha orodha, kisha pita dukani kabla ya kulipa uone kama zipo.

5. Mdomo wa kulishia una urefu gani? Nenda na futi. Ingiza mkono mashine ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa. Ukigusa dramu, usinunue, au mwambie aurefushe.

6. Naweza kuijaribu kwa mahindi yangu? Beba gunia mbili za magunzi yako. Baada ya kupukuchua, chota kilo 1 kutoka sehemu tofauti za lundo, tenga punje zilizovunjika, zipime kwa mzani wa jikoni. Gramu 20 ni asilimia 2. Gramu 60 ni asilimia 6. Angalia na magunzi: yakibaki na punje nyingi, hiyo nayo ni hasara.

7. Udhamini ni wa muda gani na unahusu nini? Uandikwe kwenye risiti. Neno la mdomo halifungi boliti.

Mbunifu naye anakuhitaji

La mwisho. Yule kijana wa kiwandani aliniambia kwamba kinachomtesa zaidi si hesabu, ni ukimya. Mashine inauzwa, inaondoka, na yeye hapati habari mpaka mtu arudi amekasirika. Hajui kwamba kwetu mashine inavutwa na pawatila kwenye njia ya mawe, kwamba inasimamishwa kwenye mteremko, kwamba wakati wa baridi ya Juni injini haiwaki asubuhi.

Hivyo basi weka daftari. Andika kila siku: gunia ngapi, lita ngapi za dizeli, kilichoharibika, saa ngapi ulisimama. Mwisho wa msimu mpelekee aliyekutengenezea. Daftari la msimu mmoja lina thamani kwake kuliko malalamiko ya watu kumi, na wewe unapata mashine ya pili iliyo bora kuliko ya kwanza.

Na kama una mdogo wako anayependa kuchora, anayefungua redio kuona ndani, usimwambie hiyo ni michezo. VETA zinafundisha ufundi wa kukereza na kuchomelea. MUST pale Mbeya inafundisha uhandisi wa mitambo, na SUA Morogoro ina uhandisi wa kilimo. Mkoa unaolima kama wetu unahitaji watu wa kuchora mashine zake, waliokua wakiona mahindi yakipigwa kwa fimbo ndani ya gunia.

Wenye mashine tayari, wiki hii fanya jambo moja tu: pima puli zako mbili, piga hesabu ya kasi ya dramu, kisha pima chenga kwenye kilo moja. Ukikuta gramu zinazidi 20, mwite fundi kabla hujamwita mteja.

Msimu mwema.